Chembe Nyeupe za Sún

Jumapili, 31 Julai 2022

Thoa amekuja. Kaja na wali wa kunata na kuku mzima wa kuchemsha, kichwa kimesimamishwa vizuri kana kwamba anatazama wageni. Nilipoliona tu lile sinia nikajua. Mtu hapandi basi kutoka Bình Dương na kuku wa heshima ili kunisalimia mimi.

Anamtaka Sún. Alisema hivyohivyo, mikono miwili kwenye sinia: dada, nimekuja kumwomba mtoto. Eti ametimiza miaka sita, Septemba anaanza darasa la kwanza, na Lực, mumewe, ameshapata shule karibu na kiwanda chao. Ameshapata! Na mimi begi la shule nimelinunua tangu Juni, lenye picha ya papa.

Nikamwambia huu ni mwezi wa saba wa mwandamo, mwezi wa mizimu. Hakuna mwenye akili anayehamisha hata kabati, sembuse mtoto. Mama akaitikia kwa kichwa. Thoa akakubali, maana mambo hayo anayaogopa kuliko sisi sote. Basi nimepata mpaka mwezi wa nane. Kuku tumemla.

Ni wake, sikatai. Alimzaa ana miaka kumi na minane, mwanamume kashatoweka. Halafu yule mpiga ramli wa sokoni akasema mama wa mwaka wa Chui Milia na mtoto wa mwaka wa Nyani hawakai nyumba moja, mmoja atamla mwenzake. Mimi ni wa mwaka wa Joka, na Joka na Nyani wanaelewana. Mtoto alipotimiza mwezi mmoja Thoa akamlaza kwenye ungo, akauweka langoni. Mimi nikapita hapo eti kwa bahati, nikasema kwa sauti ili kila kinachosikia kisikie: nani katupa kitoto kibaya namna hii, ngoja nikichukue. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo mimi naitwa Mama, yeye anaitwa mama mdogo. Ilikuwa hila ya kuidanganya mizimu, kila mtu alijua ni hila. Mimi nililisahau hilo baada ya siku tatu hivi, alipokojoa kifuani kwangu akalala.

Jioni Thoa alimkalisha Sún mapajani akamkamua jipu la goti, lile nililosema lisiguswe. Sún hakulia. Kwangu analia hata nikimkata kucha.

Jumanne, 2 Agosti

Thoa kaondoka jana asubuhi, na tangu hapo mtoto hana raha. Hataki wali. Hataki maziwa ya mgando. Kajilaza kwenye bembea ya kamba, ananitazama kana kwamba sipo. Nikamuuliza, unamuwaza mama mdogo? Akageuza uso.

Sawa. Kununa na mimi najua. Nimemwacha na bibi yake nikaenda kufua.

Mama anasema ana joto. Kampaka mafuta ya kijani, kamkwaruza mgongo kwa kijiko ili upepo mbaya utoke. Siku zote mistari inatoka myekundu. Leo imetoka ya zambarau. Mama anasema basi upepo ulikuwa mwingi.

Amelala na huyo mwingine usiku mmoja tu, na sasa anaumwa kwa kumkosa! Mimi nikienda zamu ya siku mbili hata haulizi.

Jumatano, 3 Agosti

Haikuwa kununa.

Alfajiri mikono ya barafu, midomo ya kijivu, anapumua kama aliyekimbia. Nilimwita, macho yakanipita. Pikipiki. Mama nyuma kamkumbatia. Hospitali ni yangu, naingia kila siku kwa mlango wa wafanyakazi — leo nimeingia kwa mlango wa dharura na kiatu mguu mmoja.

Goti limevimba, wekundu umepanda mpaka pajani. Daktari Quế wa chumba cha mahututi alimtazama dakika moja. Vijidudu vimetoka kwenye jipu vimeingia kwenye damu, akasema. Sepsisi. Presha iko chini mno. Akaagiza dripu, antibiotiki, na mashine ya kupumulia. Kila neno nililisikia, na kila neno nalijua, nimefanya kazi maabara ya damu miaka kumi na moja. Bado nilikuwa namshika mkono wa koti nikimwomba arudie.

Nimempigia Thoa. Nimemwambia homa kali, njoo. Neno jipu sikulitamka. Nimeliweka akiba.

Alhamisi, 4 Agosti

Muuguzi alitoka mlangoni akaita: mama wa Tín! Tín ndilo jina lake la cheti. Sún ni la nyumbani, kwa ajili ya pengo la meno ya mbele; mtoto akiitwa jina baya mizimu haimtamani. Tukasimama wawili. Muuguzi akatutazama, akatazama karatasi, akasema jina la Thoa. Nikakaa.

Beji ya njano ya mwangalizi ni moja tu kwa kila mtoto. Nusu saa mchana, nusu saa jioni. Kaivaa yeye. Kaipachika kifuani, akainyoosha. Kafanya hivyo mara mbili.

Halafu Daktari Quế akamuuliza: chanjo zote kapata? Kuna dawa au chakula kinachomdhuru? Aliwahi kulazwa? Thoa akageuka kunitazama mimi. Nikajibu mimi, nimesimama nyuma ya mstari mwekundu, kwa sauti ya kusikika mpaka ndani. Chanjo zote. Akila kamba wa baharini macho humvimba. Alilazwa mara moja, nimonia, ana miaka miwili. Daktari akaandika bila kuuliza mimi ni nani. Roho yangu ilitulia kidogo. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikashuka maabara. Bwana Nghiệp, mkubwa wetu, alishakaa kwenye hadubini na kioo chenye damu ya Sún. Aliniona akakifunika kwa mkono.

"Khuyên, damu ya nyumbani hatusomi. Unajua."

"Najua."

"Basi usinisimamie kichwani. Nikimaliza kusaini nitakuonyesha."

Alisaini. Akanipisha kiti. Chembe nyeupe elfu thelathini na moja, wakati mtoto mzima ana kama elfu nane. Uboho wa mifupa umefungua ghala la walinzi na kumtoa kila aliyemo, hata wasiokomaa, wale ambao kiini chao bado kizima kimejipinda kama ndizi. Wakubwa wamejaa madoa meusi na vitundu. Nimeona vioo vya namna hii kwa maelfu. Sikuwahi kuona kimoja nikataka kukibusu.

Thoa anauona uso wa mtoto. Mimi naona hivi.

Ijumaa, 5 Agosti

Elfu ishirini na sita. Bado mashine inampumulia.

Thoa anamwimbia. Nimesikia kwa Diễm, muuguzi wa zamu: mama yake yule ana sauti jamani, mpaka wazazi wa kitanda cha pili wametulia. Nikamuuliza ni wimbo gani. Akaniambia. Ni wangu! Mimi ndiye niliyemzoesha Sún wimbo ule, kila usiku, sauti yangu ya chura. Thoa kaudaka siku alipolala kwetu.

Nimemuuliza Thoa mtoto anaonekanaje. Anasema amelala. Kucha zake? Za kawaida. Miguu ina baridi? Sijashika. Tumbo limevimba? Dada, nusu saa ni fupi. Nusu saa! Mimi nikipewa dakika tatu nitakueleza mpaka visigino.

Jumamosi, 6 Agosti

Leo nimefanya kitu.

Thoa alitoka mbio na picha ya karatasi ya majibu kwenye simu. Korido nzima ilikuwepo, watu kwenye mikeka na mabakuli ya uji. Anacheka, analia. Elfu nane na mia nne! Amesoma pembeni pale palipoandikwa kiwango cha kawaida. Kawaida, dada, imerudi kawaida. Mama akaanza kuomba kwa viganja. Mama wa kitanda cha pili akamkumbatia Thoa.

Mimi nilikuwa nimeshakiona kioo. Ningeweza kumvuta pembeni. Sikumvuta. Nikasema palepale, mbele ya wote, polepole kama mwalimu: "Hiyo si kupona. Hiyo ni kushuka. Jana ishirini na sita, leo nane, kesho itapita kawaida iende chini. Zilizobaki karibu zote ni changa. Ghala linakwisha."

Watu wakainamia uji wao. Thoa akaikumbatia simu kifuani.

"Sasa kwa nini unaniambia hivyo, dada?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyo."

Na ndivyo ilivyo, sikusema uongo hata herufi moja. Ila nilifurahi kulisema. Uso wake ulivyoporomoka nilifurahi, muda wa kuvuta pumzi moja hivi. Halafu nikakumbuka ni damu ya nani tunayoizungumzia.

Jumapili, 7 Agosti

Elfu moja na mia tisa.

Daktari Quế alituita sote watatu, mimi pia, kwenye kile chumba kidogo chenye feni mbovu. Anaongea taratibu, anakunywa kahawa ya barafu huku anaongea, hatishi watu. Alimweleza zaidi Mama, kwa sababu Mama ndiye aliyeuliza: walinzi wa damu wamekwenda wapi, wamekufa?

"Wengine wamekufa, bibi. Wengine wamenata kwenye kuta za mishipa. Wengine wameingia mapafuni, kule hakuna adui, lakini wamekasirika, wanavunja vyombo. Ndiyo maana anavuja maji, ndiyo maana mashine. Zile ndogo zenye kumbukumbu zinajimaliza zenyewe. Na kuna zile kubwa, kazi yao kumla mdudu na kuwaonyesha wenzao sura yake. Hizo chache zilizopo zimenyamaza. Zinamuona mdudu, hazisemi."

Thoa akauliza, zimechoka?

"Zimechoka, na kabla ya kuchoka zilizidisha. Kwa watoto inakuja haraka, ghala lao ni dogo. Tunawaua wadudu kwa dawa, tunashikilia presha, tunasubiri uboho. Sina kitu cha kuuharakisha ambacho ningemwahidi mtu."

Pale aliposema wanavunja vyombo Mama alinitazama mimi. Nikatazama feni.

Jumatatu, 8 Agosti

Mia tisa. Sijaweza kula. Homa haipo, na hilo ndilo baya: mwili umeacha kupigana.

Jumatano, 10 Agosti

Nimemwona!

Asubuhi mtu wa kuchukua damu kaumwa tumbo. Nikavaa koti jeupe, barakoa, kofia, nikabeba trei, nikapita mstari mwekundu kama mtu anayekwenda kazini. Diễm alinijua. Alinijua kabisa. Akasema tu, kitanda cha tatu, dada wa maabara, usichelewe.

Ni mdogo. Kitanda kimemmeza. Uso umevimba kwa maji, mdomo umebandikwa mrija, ngozi ya magoti imeng'aa kama ya ndizi iliyoiva sana. Nilimshika miguu yote miwili, mkono huu mguu huu. Baridi mpaka kwenye vifundo, juu ya hapo vuguvugu. Nikamwambia sikioni, Sún, ni Mama. Namba za mashine hazikubadilika. Sijui nilitaka nini. Kwa Thoa eti mapigo hupanda akiimba, Diễm kanieleza mwenyewe.

Na mkononi kavishwa kibana nywele cha mpira cha Thoa, kile chekundu. Kakizungusha mara mbili kifundoni ili kisidondoke. Mtoto hawezi hata kufumbua macho, na ameshatiwa alama ya mwenye mali.

Nimekivua. Kiko mfukoni mwa koti langu mpaka sasa. Jioni Thoa alikitafuta chini ya kitanda kwa magoti, akatoka akauliza wauguzi kama wamekiona. Wakamwambia labda kimekwenda na mashuka. Mimi nilikuwa namenya chungwa.

Damu niliyomchukua: mia saba.

Alhamisi, 11 Agosti

Siwezi kulala kabla sijaandika hili.

Tulikaa mkekani mimi na Thoa, Mama kaenda kuoga. Uji wa samaki, mmoja, vijiko viwili. Thoa hali, anakoroga. Halafu akasema bila kuniangalia.

"Dada, kesho ni mwezi mpevu. Vu Lan. Naenda pagoda na Mama."

"Nenda. Sikukuu ya akina mama, kila mtu anakwenda."

"Naenda kuweka nadhiri."

Nikamwambia wote wanaweka nadhiri, korido nzima hii ina nadhiri. Akasema hapana, sikiliza. Nitasema mbele ya Buddha na mbele ya mtawa: akipona, ni wa dada. Simdai tena. Mpaka nakufa ataniita mama mdogo, na nikizaa wengine nitawaambia huyo ni binamu yenu. Nilikuja kumwomba kwa kuku mwezi wa mizimu, nimejitangaza kwa mdomo wangu kwamba mimi ndiye mama. Mizimu imesikia. Mimi ndiye Chui Milia, dada. Mpiga ramli alisema nitamla.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: ni bakteria, Thoa. Ni jipu. Hakuna chui. Kazi yangu ni hiyo, nalipwa kwa kusema hivyo. Kijidudu chenyewe kimeota kwenye sahani maabara, kina rangi ya dhahabu, nimekiona kwa macho yangu.

Nikasema, "Kula uji, unapoa."

"Hujaniambia kitu."

"Nikwambie nini? Ni nadhiri yako."

Akafuta pua kwa mkono wa shati. Akasema lazima iwe kabla ya kujua. Mtu akishapata habari njema, nadhiri yake ni kumdanganya Buddha, anatoa kitu ambacho hakidaiwi tena. Kwa hiyo kesho kabla sijawasha ubani nitakupigia. Kama kuna badiliko lolote, zuri au baya, uniambie kweli. Kama hakuna, nitaapa.

Na akiapa hatarudi nyuma. Baba alipolala kitandani Thoa aliapa kuacha nyama ya ng'ombe, mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba alikufa vilevile. Mpaka leo hajaigusa. Harusini kwake mwenyewe alikula tofu.

Sún wangu, kwa neno la Thoa mwenyewe, bila ugomvi, bila mimi kuomba. Niliegemea ukuta nikasikia moyo unakwenda mbio, na haikuwa kwa hofu. Mtoto ana chembe mia saba na mimi napiga hesabu za begi la papa! Nimejichukia. Halafu nimeendelea kuhesabu.

Ijumaa, 12 Agosti

Naandika kwenye ngazi za nyuma ya maabara. Saa kumi kasoro.

Asubuhi wafanyakazi walikuja na waridi vifuani. Jekundu kwa mwenye mama hai, jeupe kwa aliyefiwa. Diễm alinibandikia jekundu. Akaniuliza, na Tín atavaa lipi, akitoka? Alikuwa anatania tu. Nikamwambia jekundu, kwa mama yupi ndiyo hatujui. Akacheka, mimi sikucheka.

Mama na Thoa waliondoka baada ya zamu ya mchana ya kumwona. Thoa kavaa nguo ya kijivu ya kukopa. Alinipa beji ya njano, kama watahitaji mtu. Kanipa kwa mikono miwili. Sikuivaa, naona aibu kuivaa, nimeishika tu.

Saa tisa Bwana Nghiệp aliniita. Hakuniita kwa jina, alisogeza kiti chake nyuma. Kioo kiko tayari, kishasainiwa. "Tazama pembeni, upande wa kushoto, kwenye ukingo."

Nikatazama. Kubwa, zile kubwa za kula na kuonyesha. Moja. Pembeni yake nyingine. Nikasogeza kioo, nyingine tatu zimekaa karibukaribu, zimenona, kijivu safi. Na kati yao chembe mpya za uboho, changa bado, lakini ndani ni nyeupe, hazina yale madoa meusi ya sumu. Jana hapakuwa na kitu pale, palikuwa uwanja mtupu na chembe nyekundu. Mashine imehesabu elfu mbili na mia sita.

"Hizi kubwa hutangulia," Bwana Nghiệp akasema. "Zikija hivi, wengine wako njiani. Quế kanipigia, anasema dawa ya presha ameishusha nusu tangu asubuhi na inashika. Bado si ushindi, Khuyên. Anaweza kuteleza. Ila angekuwa wangu, ningewapigia nyumbani."

Angekuwa wangu. Nilimshika mkono mzee wa watu nikamlowesha koti lote. Akaniacha, kisha akasema nenda, nenda ukawaambie.

Nikatoka kuwaambia. Nimefika hapa kwenye ngazi nimekaa.

Uboho wake umeamka. Huyu mtoto atakaa kitandani, ataomba maziwa ya mgando, atanung'unika mrija umemchuna koo. Ninajua mimi na Bwana Nghiệp na daktari. Thoa hajui. Yuko pagoda, mbele ya sanamu, na ubani haujawashwa.

Nikimwambia, haapi. Kasema mwenyewe. Atacheka kwa kilio kama siku ile ya elfu nane, na mara hii itakuwa kweli. Mwezi wa nane atarudi na kuku, na mimi sitakuwa na mwezi wa mizimu wa kujifichia. Nitasimama langoni niseme mchukue. Darasa la kwanza Bình Dương. Sún ataniita mama mkubwa. Litamkaa mdomoni baada ya wiki, watoto ndivyo walivyo.

Nisipomwambia, saa moja tu, saa moja! Hakuna atakayedhurika. Dawa ni zilezile, uboho ni uleule. Matokeo hutoka saa kumi na moja, nani ataniuliza nilijua lini. Na je, si kweli kwamba bado si ushindi? Kasema hivyo mkubwa wa maabara.

Simu inaita. Thoa.

Inaita. Siipokei, naandika.

Imekata. Nilitegemea kupata nafuu.

Inaita tena, sasa ni namba ya Mama. Wako pamoja. Kwa hiyo Mama pia anajua habari ya nadhiri, na jana usiku hakuniambia neno. Aliniangalia tu nilivyomenya chungwa la pili.

Imekata.

Ujumbe. Dada wamegonga kengele, watu wamejaa, mtawa ananisubiri mimi. Nimeshapiga magoti. Yukoje?

Ujumbe mwingine. Nakuamini wewe tu, daktari simwelewi.

Nimeanza kuandika Zimerudi, nimefika Zimeru. Nimefuta. Nimeandika: Bado. Herufi nne. Ipo hapo kwenye kioo cha simu, sijaituma. Kwake vinaonekana vile vidoti vinavyocheza, anajua kuwa naandika. Kaacha kutuma ujumbe. Amepiga magoti na kijiti cha ubani ambacho hakijawashwa, anangoja nimalize.